Mzazi bila pesa, mwenye Jumamosi tu

Mama, umeuliza kama mzazi asiye na pesa, mwenye nafasi siku ya Jumamosi tu, anaweza kusaidia shule ya mtoto wake hapa Goma. Anaweza, tena sana.

Usiingie darasani moja kwa moja. Salimia direkta, kisha uliza mwenyekiti wa komite ya wazazi, ile COPA, ni nani. Kuna pia COGES, ambamo wajumbe wa wazazi wanakaa pamoja na walimu kuangalia usimamizi wa shule. Anza na COPA, ndiyo nyepesi.

Mimi nilianza na maji. Shuleni kwetu vyoo vilikuwepo ila bomba lilikuwa kavu, basi tukapanga zamu: kila familia bidoni moja kwa juma. Baadaye tukafanya salongo, kazi ya pamoja, ya kusawazisha uwanja, maana unajua mawe yetu ya volkano yanavyokata miguu ya watoto. Papa mmoja alileta chukudu yake, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, kubeba mawe. Watoto waliipenda kuliko kazi yenyewe!

Tangu masomo ya msingi yawe ya bure kwenye shule za serikali, mwaka 2019, madarasa yamejaa. Kumsikiliza mtoto mmoja akisoma kwa dakika kumi ni msaada mkubwa, lakini mwalimu akubali kwanza.

Mtu akigeuza kujitolea kuwa mchango wa lazima, lisemee mkutanoni mbele ya wazazi wote, si pembeni. Hilo kwetu lilitokea, na tulipouliza risiti, mchango ukasahaulika.