Betri iliisha nikirekodi, sasa video haifunguki

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nilikuwa narekodi mahafali kwa kamera ya video inayotumia kadi ya SD, betri ikaisha chaji katikati ya hotuba. Faili ya mwisho, ya MP4, inaonekana kwenye kompyuta na ina zaidi ya GB 3, ila haifunguki, na kamera inanitaka nifomati kadi. Tena asubuhi ya siku hiyo, kabla sijaanza kurekodi, nilifuta kimakosa vipande viwili vya zamani. Naweza kuvipata vyote? Na kwa nini mara nyingine kamera huacha kurekodi yenyewe?

JIBU: Pole sana. Kwanza kabisa, usikubali kufomati. Toa kadi kwenye kamera, sogeza kile kidude kidogo cha pembeni kilichoandikwa LOCK, na usirekodi chochote tena juu yake. Kisha tengeneza nakala ya kadi nzima, sekta kwa sekta, yaani kila sehemu ndogo ya kadi inakiliwa, hata inayoonekana tupu. Kunakili faili peke yake hakutoshi, kwa sababu unachokitafuta kingine hakionekani kwenye orodha ya faili. Programu ya ddrescue kwenye Linux au Win32 Disk Imager kwenye Windows itaifanya kazi hiyo. Majaribio yote ya kompyuta yafanyie kwenye nakala. Nasisitiza hili kwa sababu video nyingi hupotea wakati mwenyewe anahangaika kuziokoa.

Hotuba yako ina matumaini makubwa. Ndani ya faili ya MP4 kuna sehemu iitwayo mdat, iliyobeba picha na sauti, na nyingine iitwayo moov, ambayo ni kama ukurasa wa yaliyomo katika kitabu: inaonyesha kila fremu imeanzia wapi, ina ukubwa gani na itokee wakati gani. Kamera nyingi huiandika moov mwishoni, ukishabonyeza kitufe cha kusimamisha. Umeme ukikatika kabla ya hapo, picha zimo lakini hakuna programu inayojua pa kuanzia kuzisoma.

Ukishakuwa na nakala, fungua LOCK, rudisha kadi kwenye kamera yenye betri iliyojaa. Kamera kadhaa hugundua rekodi iliyokatika na kuuliza kama zirekebishe faili. Hapo kubali, ila soma ujumbe vizuri, maana kurekebisha na kufomati ni mambo mawili tofauti kabisa. Ikishindikana, tumia untrunc, programu ya bure. Inahitaji video nyingine isiyo na hitilafu, iliyorekodiwa na kamera hiyohiyo kwa mipangilio ileile ya ukubwa wa picha, idadi ya fremu na sauti. Kutoka hapo hujifunza mpangilio na kuijenga moov upya. Kama huna, rekodi moja fupi sasa, kwenye kadi nyingine.

Vile vipande viwili sikupi matumaini hayohayo. Kamera ikifuta faili, huondoa jina lake kwenye orodha na kuitangaza nafasi kuwa wazi. Data yenyewe hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Wewe umerekodi mahafali baada ya kufuta, hivyo huenda yamekalia nafasi hiyohiyo. Kama kadi ilikuwa na nafasi kubwa, jaribu PhotoRec juu ya nakala, na matokeo uyahifadhi kwenye diski nyingine. Programu hii hutafuta faili kwa alama zake za mwanzo, si kwa majina. Udhaifu wake ni faili ambazo vipande vyake vimetawanyika, na video kubwa huwa hivyo mara kwa mara.

Kompyuta isipoitambua kadi kabisa, au kadi ikipata joto kupita kiasi, ichomoe. Hapo programu haisaidii. Mpelekee mtaalamu wa kuokoa data.

Kuhusu kamera kuacha kurekodi, ningeanza kuishuku kasi ya kadi. Ukirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, kadi lazima iandike megabaiti 12.5 kila sekunde bila kukoma. Angalia alama ya kasi iliyoandikwa kwenye kadi: ya Class 10 inahakikishiwa megabaiti 10 tu kwa sekunde; V30 inahakikishiwa 30. Ukiona rekodi ndefu imegawanyika kila inapokaribia GB 4, huo si ubovu: ndiyo ukomo wa faili moja katika FAT32, mfumo wa kupanga faili kwenye kadi, na programu ya ffmpeg huviunganisha vipande hivyo bila kupunguza ubora.