Shingo ikipinda, uliza kwanza kameza nini na lini

Wadogo zangu mnaokuja fildi Dodoma kwenye wadi za akili, iwe Mirembe au kwingine, hili niliambiwa nimechelewa kwahiyo nawaambia mapema.

Kuna mama kutoka Bahi alimleta mwanae, kijana, kaanzishiwa haloperidoli, dawa ya wanaosikia sauti zisizokuwepo, juzi yake tu. Shingo imepinda, macho yamegeukia juu hayashuki, ulimi nje, nyumbani nusu wanasema mapepo nusu wanasema kifafa. Lakini nikimwita anasikia, anajibu kwa shida maana taya limekaza, na kifafa cha mwili mzima mtu hakusikii. Hiyo ni distonia, misuli inakaza na kupinda yenyewe. Tukamchoma promethazini, baada ya muda shingo ikarudi, mama akalia pale pale kwenye benchi. Plasil ya kuzuia kutapika nayo inaweza kufanya hivihivi, hasa kwa vijana, kwahiyo ulizeni dawa zote sio za akili tu.

Sababu yake ni hii, ndani ya ubongo kuna sehemu inayopanga msuli upi uende upi utulie na dopamini, kemikali ya ubongo, ndo inatoa ruhusa. Haloperidoli inaziba vipokezi vya dopamini vinavyoitwa D2, ndo inavyotuliza zile sauti, ila haichagui, inaziba na vya kwenye mwendo. Asetilkolini, kemikali nyingine inayovutana na dopamini, inabaki inatamba peke yake, promethazini na vidonge vya Artane vinaishusha. Mzee wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, kafika hapohapo kwa njia nyingine, seli zake za dopamini zinakufa, mkono unatetemeka akiwa ameupumzisha. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa sungura reserpini, dawa inayomaliza dopamini, wakakosa nguvu hata ya kusogea, akawachoma levodopa, ambayo ubongo unaigeuza dopamini, wakaamka! Ila msimpe mgonjwa wa sauti levodopa kisa amekakamaa, mtamrudishia sauti, na hata yule mzee ikimzidi anaanza kujinyonganyonga bila kutaka.

Linaloniuma mpaka leo ni la akathizia, dawa inapomfanya mtu ashindwe kutulia. Nilikoanzia kazi kulikuwa na kaka anazunguka wadi usiku kucha, anakaa sekunde anainuka, mi nikaandika kwenye faili "anahangaika, hatulii", daktari wa zamu akasoma akaongeza dozi. Akazidi. Siku ya tatu ndo nikamuuliza, kaka unajisikiaje, akasema dada miguu inawaka kwa ndani siwezi kukaa hata nikitaka. Dawa ndo ilikuwa inamtesa na sisi tunamwongezea. Ikapunguzwa, akapewa propranololi, akalala. Kwahiyo kabla hujaandika hatulii muulize anazunguka kwa sababu anataka au kwa sababu miguu inamlazimisha, na andika maneno yake kama alivyoyasema.

Halafu wale wa sindano ya dawa za akili ya kila mwezi, wa miaka mingi, waangalieni mdomo. Vipokezi vikizibwa muda mrefu vinakuwa vikali kupita kiasi, mtu anatafuna hewa, ulimi unachungulia, ndugu wanadhani anaongea peke yake. Hapo Artane haisaidii, inaweza hata kuzidisha, na dozi ikipandishwa inaficha tu kwa muda, mwiteni daktari aliyebobea mapema kabla haijakomaa. Kumwangalia ni hivi, mkaribishe kwa heshima, shikamoo mzee, akae kwenye kiti mikono juu ya magoti, atoe bigijii na meno ya bandia kama anayo, umwombe afungue mdomo, umtazame ulimi ukiwa umetulia ndani, mara mbili.