Usinyooshe Vizibo kwa Nyundo

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Mkuu, vizibo vya bia nikivinyoosha kwa nyundo taratibu, si naweza kuvigonga tena kwenye chupa zangu? Naona uchungu kuvitupa." Nilitaka kumjibu kwa mstari mmoja tu, kwamba haifai, nikajikuta naandika makala. Swali lenyewe limenitonesha kidonda.

Tulikuwa wawili tulioanza kutengeneza bia na mvinyo nyumbani kwa wakati mmoja. Mwenzangu alikuwa na uwezo. Alinunua pipa la chuma kisichoshika kutu lenye koki chini, pampu, kipimajoto cha umeme, hata mizani ya kupimia hamira. Mimi nilikuwa na ndoo ya plastiki yenye mfuniko, mrija wa kuhamishia, haidromita (kile kipimo cha kuelea kinachoonyesha sukari iliyobaki), na chupa nilizoomba kwa watu, zile nene zenye kizibo cha kauri kinachobanwa kwa waya. Yeye ndiye aliyenibandika jina la "Bwana Machupa", na jina likanata mpaka kwa ndugu zangu.

Siku tuliyokutanisha bia zetu mbele ya marafiki, zangu zilifunguka kwa mlio, povu likapanda na likakaa. Zake zilimiminika kimya kama maji ya mtungi. Mitambo yote ile, halafu chupa kazifunga kwa vizibo vya zamani alivyovinyoosha kwa koleo kimoja kimoja! Akasema hamira ilikuwa mbovu. Mpaka leo anasema hamira. Siku ile nilinyamaza kwa heshima, ila hapa ni kwangu, acha niseme.

Kizibo cha bati chenye meno, William Painter alichokipatia hataza Marekani mwaka 1892, kilibuniwa makusudi kitumike mara moja kitupwe. Chukua kimoja kilichofunguliwa kwa opena, kigeuze, kiweke kwenye mwanga. Ndani utaona utando laini wa plastiki, na juu yake alama ya duara iliyoachwa na mdomo wa chupa. Pitisha ukucha: kuna mfereji. Halafu tazama upande ulioinuliwa na opena. Bati limekunjika, na utando umepinda pamoja nalo. Nyundo inaweza kulirudisha bati, na kwa macho ukaridhika kabisa, lakini anayezuia hewa ni ule utando, na wenyewe umeshakufa. Ukikibana tena, mdomo wa chupa mpya hautakaa sawasawa kwenye mfereji wa zamani. Hewa ya ukaa itatoka polepole, oksijeni itaingia, na baada ya wiki chache una bia iliyolala yenye ladha ya boksi lililoloa.

Ukinunua vipya, pima kwanza mdomo wa chupa. Nyingi huchukua kizibo cha milimita 26, lakini baadhi ya chupa za Ubelgiji na za shampeni huchukua 29. Chupa za bia za kufungua kwa kuzungusha mkono ziache. Shingo zake hazipatani vizuri na mashine zetu za kubana.

Sasa hizi "takataka" zangu za kizibo cha waya. Hizi ndizo zinazorudiwa miaka na miaka, kwa sababu kinachochakaa ni mpira peke yake, na mpira unabadilishwa. Uvue, uukunje kwa vidole, uangalie ukingo wa tundu la katikati: hapo ndipo nyufa huanzia, na hapo ndipo uchafu hujificha. Ukiwa mgumu au umebaki bapa, weka mwingine. Usisubiri ukuharibie pipa zima ndipo ushtuke. Watu wanapenda sana kusifia chupa na kusahau mpira, kisha wanakuja kulalamika kwangu.

Kwenye mvinyo mambo ni mengine kidogo. Kizibo cha gome cha kawaida kina kipenyo cha milimita 24, na kinasukumwa kwenye shingo ya takriban 18.5. Nguvu ya kutaka kutanuka ndiyo inayoziba. Kikishatobolewa na kizibuo, kikakaa nje, kikanywa vumbi na unyevu, hakirudi kwenye mvinyo unaoutunza. Kizibie nusu chupa iliyobaki usiku huu, basi. Usijaribu kukiokoa kwa kukiloweka kwenye klorini, maana klorini na gome vikikutana ndipo inapoweza kuzaliwa ile harufu ya ukungu inayoua mvinyo. Vizibo vya kuzungusha unaweza kuvirudia kwa mvinyo uliotulia, wa kunywa mapema, iwapo utando wa ndani ni mzima na nyuzi za kuzungushia hazijapondeka.

Nimesema uliotulia. Hapa sitanii. Chupa ya kawaida ya mvinyo haikutengenezwa kubeba presha. Ukiweka humo kinywaji ambacho hamira bado inakula sukari, ukakiziba vizuri, umetega bomu la vioo ndani ya nyumba yenye watoto. Kinywaji cha povu kinataka chupa ya bia, ya kizibo cha waya iliyotengenezwa kwa ajili ya presha, au ya shampeni. Hiyo ya shampeni inabeba presha ya hadi takriban baa 6 (baa ni kipimo cha presha), na vile vizibo vyake vya plastiki vyenye kichwa cha uyoga unaweza kuviosha na kuvirudia, mradi waya uwe mpya na uvikague kama havijapasuka.

Ndiyo maana kila anayeniuliza aanze kununua nini namwambia haidromita kabla ya pipa linalong'aa. Isome, subiri siku mbili tatu, isome tena. Namba haijasogea na imeshuka hadi pale ulipotarajia, funga chupa. Bado inashuka, acha ndoo ifanye kazi yake. Kwa bia, unapofunga chupa, gramu 6 za sukari kwa lita moja zinatosha kuleta povu zuri. Anayeongeza "kidogo tu kwa macho" anacheza na maisha ya wenzake, na huyo hata nikimshauri hasikii. Pesa iliyobaki nunua vizibo vipya. Kujinyima kwenye kitu kidogo hivyo baada ya wiki nzima za kusubiri ni ubahili wa kujiumiza, na vijana mnaokimbilia mitambo niwaambie ukweli: bia haijui bei ya pipa lako.

Kwa wewe uliyeniandikia: kama unaona uchungu kutupa, kusanya chupa za plastiki za soda. Zinabeba presha bila taabu, na kizibo chake hurudiwa mara kadhaa kikikaguliwa na kuoshwa vizuri. Hata ukiwa na chupa za vioo, kila unapofunga bia jaza moja ya plastiki pamoja nazo, kwa kipimo kilekile cha sukari, ziwekwe mahali pamoja. Ibonye kila siku. Ikishakuwa ngumu kama ilivyotoka kiwandani, zote peleka kwenye friji.