Wahakiki Wamenirudishia Andiko

SWALI: Shikamoo Daktari. Nafanya kazi hospitali ya wilaya. Nilituma kwenye jarida la kisayansi andiko la utafiti kuhusu upungufu wa damu kwa wajawazito. Baada ya miezi mitano mhariri anataka "marekebisho makubwa". Wahakiki wawili, wataalamu waliopewa kulipima, wana hoja 27. Mmoja anauliza kwa nini sikupima ferritini, kipimo cha damu kinachoonyesha akiba ya madini ya chuma mwilini. Nihamie jarida jingine?
– Daktari kijana, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Usihame. Mhariri asiyelitaka andiko hulikataa. Wewe umefunguliwa mlango. Maoni ya kwanza niliyopata mimi yaliniliza, nikalifungia andiko kabatini mwaka mzima. Najuta mpaka leo, maana wagonjwa wa utafiti ule walinipa damu yao.

Pumzika siku mbili. Kisha nakili kila hoja kwenye faili moja, chini yake andika jibu, ukitaja ukurasa na mstari uliorekebisha. Usiruke hata moja.

Kuhusu ferritini, huwezi kurudi kumtoa damu mama aliyekwisha kujifungua. Kiri hukupima, iandike kwenye mapungufu ya utafiti, na usidai kwamba chanzo ni ukosefu wa madini ya chuma pekee. Malaria na minyoo pia hupunguza damu. Mhakiki huyo amekuepusha na hitimisho bovu, mshukuru kwa dhati.

Wahakiki wakipingana, chagua upande kwa hoja na umweleze mhariri. Yeye ndiye mwamuzi. Pitia tena orodha ya STROBE, mwongozo wa mambo ya kuripoti katika tafiti za uchunguzi, vipengele 22. Muda ukibana, omba nyongeza kabla ya tarehe kufika.