Anaimba mpaka ishirini, lakini anahesabu?

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linasema: "Mtoto anayeshinda akiimba na kucheza darasa la awali, anasoma au anapoteza mwaka?" Mimi nafundisha darasa hilo katika shule ya msingi ya serikali huku Newala, mkoani Mtwara, na swali hili naulizwa mlangoni kila muhula, tena kwa ukali kuliko mlivyouliza ninyi. Mzazi anafungua begi, anatoa daftari, anakuta viduara viwili vilivyopinda na kurasa nyeupe. Mtoto wa jirani aliye shule ya kulipia ameandika a mpaka z na vema jekundu juu yake. "Mwalimu, huyu wangu mnamfundisha nini?"

Jibu langu ni kwamba anasoma, ikiwa wimbo umepewa kazi. Wimbo usio na kazi ni kelele tamu, na mzazi akilalamika ana haki yake. Tabu ni kwamba ukichungulia dirishani yote mawili yanafanana: watoto wamesimama, wanapiga makofi, wanacheka.

Tuanze na hesabu, maana ndiko wazazi wengi wanakodanganyika. Mtoto mwenye kaka au dada shuleni hufika kwangu Januari akijua kuimba moja mpaka ishirini bila kukwama. Mama yake anajivuna, na kweli si jambo dogo. Sasa mwekee visoda saba, yaani vizibo vya chupa za soda, kwenye mkeka, umwambie ahesabu. Kidole kinakwenda na safari yake, mdomo na yake. Kisoda kimoja kinapewa "tatu" na "nne" kwa pamoja, kingine kinarukwa, na mwenyewe anafika kumi na mbili visoda vikiwa bado ni saba. Muulize "Vingapi?" anaanza kuimba upya. Mpangilio wa majina ya namba anao, na hilo ndilo wimbo ulilompa. Wingi wa vitu bado hajaupata.

Kwa hiyo wimbo siuachi, naupunguza mwendo. Kila namba inaimbwa pale tu kisoda kinapodondoka kwenye kopo la bati. Kopo la plastiki halifai kwa kazi hii kwa sababu halilii vizuri, bati linasema "ta!" na darasa zima linasikia namba moja kwa mlio mmoja. Wakizoea, nawageuzia mgongo nadondosha vitatu kimyakimya, wahesabu kwa sikio peke yake. Hapo nawajua wanaohesabu na wanaofuata sauti ya mwenzao. Namba ya mwisho tunaitamka kwa nguvu huku mkono ukizunguka kopo lote, "vitano vyote!", maana mtoto wa miaka mitano haoni mara moja kwamba ile "tano" ni jina la vyote vilivyomo koponi, wala si jina la kisoda cha mwisho.

Namba zetu nazo zinamsaidia mtoto. Akishajua mpaka kumi, kumi na moja hadi kumi na tisa anaziunda mwenyewe: kopo la kumi linawekwa pembeni limejaa, kingine kinaongezwa nje, kumi na kimoja. Ukuta upo kwenye ishirini, thelathini, arobaini, ambazo sikio haliwezi kuzihusisha na mbili, tatu, nne. Hizo sina njia nyingine ila kuziimba mpaka ziingie, na hapo kukariri kwangu ni halali kabisa. (Wageni hupenda kutushauri tuhesabie korosho kwa kuwa huku zimejaa. Ganda la korosho ghafi lina mafuta yanayobabua ngozi, na korosho iliyobanguliwa haifiki mwisho wa kipindi.)

Kusoma nako kunaanzia sikioni. Tunacheza sokoni: mtoto anataja tunda, wenzake wanalipiga silabi kwa silabi kwenye ndoo iliyofudikizwa. E-mbe, mapigo mawili. Pa-pa-i, matatu. Ti-ki-ti-ma-ji, matano, na huwa wanaligombea kwa sababu ya urefu wake. Kisha tunageuza: mimi napiga matatu, wao watafute tunda linaloingia. Nanasi linaingia. Anayesema ndizi anarudishwa kwenye ndoo alipige mwenyewe, na mara nyingi anajicheka kabla wenzake hawajamcheka. Silabi zetu nyingi huishia na irabu, kwa hiyo mtoto huzikata vizuri hata kama hajawahi kuona herufi. Mwakani akiingia Darasa la Kwanza, ambako kazi kubwa ni KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), mwalimu akiandika "pa" ubaoni atakuta sauti hiyo imeshatengewa nafasi kichwani. Aliyeandikishwa alfabeti nzima kwa kunakili anaweza kukutajia majina ya herufi zote halafu akashindwa kusoma "papa".

Wengi wa watoto wangu nyumbani wanaongea Kimakonde. Wimbo ndio Kiswahili chao cha kwanza cha shuleni, na una hatari yake: mtoto anaweza kuimba maneno yote kwa sauti nzuri bila kujua hata moja. Nimemwona anayeimba "magoti" ameshika masikio, uso umejaa furaha. Ndiyo maana siimbi wimbo mpya bila kitendo. Kichwa kinaguswa, mlango unafunguliwa, maji yanamiminwa kweli. Wakishaujua nanyamaza, nafanya kitendo tu, wao waseme neno.

Sasa ule mchezo ambao wazazi huudharau kuliko yote, na mimi naupenda kuliko yote: nyama nyama. Wasioujua, kiongozi anaita "nyama nyama nyama," wote wanajibu "nyama!" na kuruka. "Ya ng'ombe!" wanaruka. "Ya mbuzi!" wanaruka. "Ya paka!" Anayeruka amekula paka. Unaonekana upuuzi, lakini angalia mtoto anachofanya. Mwili umeshazoea kuruka, wenzake pembeni wamekunja magoti, na yeye kwa nukta moja anatakiwa asikie neno, alipime, aizuie miguu yake mwenyewe. Mtoto asiyeweza kujizuia hivyo hawezi kusubiri zamu, wala kusikiliza maelekezo hadi mwisho, wala kuangalia neno lote kabla hajabahatisha kwa herufi ya kwanza. Sijaona zoezi la daftarini linalofundisha hilo.

Mimi nimebadilisha kanuni moja. Mtaani anayekosea anatoka. Darasani ukimtoa, ndani wanabaki wale waliokwisha kuweza, na anayehitaji mazoezi anakaa kivulini kutazama. Kwangu anayekosea ndiye anayeita mnyama anayefuata. Atakayeita lazima afikirie mnyama mgumu, na watoto ni wajanja mno hapo. Kuna siku mmoja aliita "Ya panya!" Nusu ya darasa waliruka, nusu wakabaki chini wakiwacheka. Huku kwetu panya wa shambani analiwa na ni kitoweo cha heshima, lakini watoto wa watumishi waliohamia kutoka mikoa mingine hawakuwa na habari. Mabishano yale yalichukua muda wote uliobaki na sikuyakatisha. Walikuwa wanatoa sababu, wanapokezana kusema, wanamwita mwenzao shahidi. Kwa mtoto wa miaka mitano, tena kwa lugha ya pili, hicho ni kipindi kizuri kuliko nilichokuwa nimekiandaa.

Kuhusu vidole, kwa kifupi. Kuandika kunataka kidole chenye nguvu na jicho linalokifuata, na mdako unafanya yote mawili: unarusha kijiwe, unavuta vingine shimoni, unadaka kabla hakijaanguka. Udongo wa kichuguu uliolowanishwa unafanya kazi hiyohiyo kwa wasioweza mdako bado. Chuoni tulisomeshwa habari za Friedrich Froebel, Mjerumani aliyeanzisha chekechea yake mwaka 1837 na baadaye akachapisha kitabu cha nyimbo na michezo ya vidole kwa ajili ya akina mama. Bibi zetu walikuwa nayo michezo hiyo siku zote, hawakuwa na mchapishaji tu.

Najua mwalimu mwenzangu anayesoma hapa anasema: hayo yote kwa watoto wangapi? Mwongozo wa serikali unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25. Tangu elimu bila ada ianze 2016 madarasa ya awali ya serikali yamefurika, na langu ni mojawapo. Sijifanyi kwamba kona za kujifunzia zinavyoelezwa kwenye semina ndivyo zilivyo kwangu. Kona ya duka na kona ya nyumbani zinatumia boksi moja. Kinachoniokoa ni kwamba mchezo wa kuimba hauhitaji kitabu kwa kila mtoto. Kundi moja linacheza chini ya mkorosho likiongozwa na mmojawao, jingine liko na mimi mkekani na visoda. Wimbo wa kunawa mikono una mistari ya kutosha hadi sabuni imefanya kazi, na wimbo wa kuingia darasani unakwisha pale wa mwisho anapokaa, kwa hiyo sipigi kelele. Zanzibar nao, kwenye miaka ya 2000, walitumia redio: kipindi cha Tucheze Tujifunze kilisikilizwa huko vijijini katika vituo vya watoto vilivyoitwa TUTU, redio inaimba na kuuliza, inanyamaza kidogo watoto wajibu na kucheza, na mlezi kutoka kijiji hichohicho anawasimamia.

Upande wa lawama, wazazi wana haki kwenye mambo mawili. Kwanza kuna nyimbo za kupokelea wageni. Shule nyingine watoto wanafundishwa wimbo mmoja wa kumkaribisha mkaguzi au mfadhili, unaimbwa wiki nzima, mgeni anapiga picha, basi. Pili kuna nyimbo za Kiingereza zisizo na kitendo wala maelezo, zinazoimbwa ili mzazi aliyelipa ada asikie Kiingereza siku ya mahafali, mtoto amevishwa joho linaloburuza chini. Sina ugomvi na Kiingereza. Nina ugomvi na mtoto kufundishwa kwamba kusema bila kuelewa ni kitu cha kupigiwa makofi, kwa sababu tabia hiyo atahama nayo hadi sekondari.

Mzazi anayetaka kujua kama wimbo wa mwanawe una kazi asimwambie "niimbie". Amkatize katikati. Akifika "sita", amuulize inayofuata ni ipi bila kurudi kwenye moja. Ampe jina la shangazi alipige makofi kwa silabi. Na jioni chakula kikiwa tayari, amtume sahani za watu wote waliomo nyumbani bila kumtajia idadi. Mtoto atatoka nje, ataangalia watu, atarudi jikoni akihesabu kwa sauti, pengine kwa ule wimbo wa shuleni. Akileta pungufu, msimsahihishe. Asiye na sahani atadai mwenyewe.