Barua kwa mwanangu: vipimo ni safi, tumbo bado linauma

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa juzi usiku niliusoma, nikaiweka simu chini, nikaishika tena nikausoma upya. Umeniuliza: "Mama, kamera wamepitisha, ultrasaundi wamepiga, damu wamepima, kila kitu safi. Tumbo bado linauma. Wewe wakati wako ulijuaje kwamba si mawazo tu? Niendelee kutafuta au niache?" Nimeona nikuandikie, maana kwa simu ningelia, nawe ungebaki bila jibu.

Sikujua, mwanangu. Kwa miaka sita nilijitilia shaka karibu kila siku. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini hata maiti huyu ilifika mahali akaanza kuwasikiliza waliosema kaburini hakuna kitu.

Ulikuwa na miaka 10. Bila shaka unakumbuka asubuhi zile nilipokuwa nakaa ukingoni mwa kitanda, nimebana mkono hapa kulia chini ya kitovu, wewe umesimama mlangoni unauliza, "Mama, vipi?" Nami nakujibu nimechoka tu. Nisamehe kwa hilo. Naogopa ndiko ulikojifunza kukaa na maumivu miezi minane ndipo uniambie.

Kila daktari aliniuliza nimekula nini, basi daftari langu likajaa vyakula. Nikaacha hiki, nikaacha kile, nikakonda, maumivu yakabaki palepale. Ultrasaundi nilipiga mara nne, kila mara mahali pengine, majibu yaleyale. Daktari mmoja, bila kuinua macho kwenye karatasi zake, aliniambia nipunguze mawazo. Nilitoka pale na aibu kama mtu aliyekamatwa anadanganya.

Usiku mmoja, saa tisa, nimechoka na hasira zimenijaa, sikuandika chakula. Niliandika: "Nimejigeuza, kimenichoma. Nimelala chali, kimetulia." Kesho yake nikaandika: "Nimeinuka kitini, kimenichoma." Mistari ya namna hiyo ikaongezeka. Baadaye nikampata daktari mmoja, mama wa makamo, akasoma kurasa mbili za daftari kimya, kisha akaniambia nipande kitandani nimwoneshe panapouma kwa kidole kimoja. Siku zote nilikuwa nazungusha kiganja tumboni nikisema "huku kote." Safari hii nikatafuta, nikapapata: padogo, pasipozidi ncha ya kidole. Akaweka kidole chake pale, akabonyeza, akasema, "Sasa inua kichwa na mabega, usijisaidie na mikono." Nikainua. Maumivu yakapanda mpaka nikapiga kelele. Akaniambia, "Haya hayatoki ndani. Ni ukuta wa tumbo."

Akanieleza kwamba misuli ya tumbo ikikaza inakuwa ngao kwa viungo vya ndani. Shida ikiwa ndani, ukibonyezwa wakati huo maumivu hupungua. Yakibaki vilevile au yakizidi, shida huwa kwenye ukuta wenyewe. Kipimo hicho kinaitwa kwa jina la Carnett, daktari mpasuaji wa Marekani aliyekieleza mwaka 1926, na hakihitaji mashine yoyote. Kwangu mimi mshipa wa fahamu, yaani neva, ulikuwa umebanwa pale unapopenya kwenye msuli. Alinichoma sindano ya ganzi palepale. Baada ya dakika chache niliinuka, nikakisubiri kichomi. Hakikuja. Kilirudi baada ya wiki kadhaa, na sindano ikarudiwa mara tatu, ila tangu siku ile nilikuwa najua ninaumwa nini.

Sikuelezi haya uone kwamba nawe una ugonjwa wangu. Lako linanyonga, linapungua ukishatoka chooni, na choo chenyewe siku hizi hakitabiriki. Hiyo ni njia nyingine kabisa. Ninachotaka ulitazame upya ni hilo neno "safi." Kamera huona ngozi ya ndani ya utumbo: kidonda, uvimbe, damu. Ultrasaundi huona umbo la ini, la kifuko cha nyongo, la figo. Jinsi utumbo unavyojikunja na jinsi neva zake zinavyohisi, hakuna picha hata moja kati ya hizo inayoonesha. Na utumbo una neva zake wenyewe, seli zaidi ya milioni 100. Zikiwa nyepesi kuhisi, gesi ileile ambayo mwenzako haisikii, wewe inakukunja. Hayo ni maumivu kamili, hayana upungufu wowote kwa kukosa picha.

Ndiyo maana ugonjwa wanaouita IBS, yaani utumbo unaouma na kuvuruga choo bila kidonda kuonekana, hutambuliwa zaidi kwa maelezo ya mgonjwa. Vigezo vya Roma vya mwaka 2016, orodha ambayo madaktari huitumia kuutambua, vinataka maumivu ya angalau siku moja kwa wiki katika miezi mitatu ya karibuni, yaliyoanza si chini ya miezi sita nyuma, na katika haya matatu yawepo mawili: yanahusiana na kwenda choo, safari za chooni zimebadilika, au choo chenyewe kimebadilika sura. Mpelekee daktari hayo, umwambie wazi. Usione haya kutaja choo. Mficha maradhi kilio humfichua.

Halafu kuna jambo lililoninyima usingizi nilipokusoma. Umesema umeacha ngano mwenyewe, na vidonge vya kupunguza asidi unameza kila siku. Je, uliwaambia? Kipimo cha damu cha siliaki, ugonjwa ambao ngano huudhuru utumbo, kinataka uwe bado unakula ngano, la sivyo kinaweza kutoka safi wakati ugonjwa upo. Kipimo cha pumzi au cha choo cha kutafuta bakteria wa vidonda vya tumbo nacho kinaweza kudanganywa na vidonge hivyo; kwa kawaida huachwa wiki mbili kabla, kwa ruhusa ya daktari. Bakteria hao wenyewe ni somo. Zamani vidonda vingi vya tumbo vilisukumiwa mawazo, mpaka Warren na Marshall wa Australia wakaonesha kuna mdudu, na mwaka 2005 wakapewa tuzo ya Nobel.

Kuhusu kuendelea au kuacha: endelea, lakini kaa na daktari mmoja anayekusikiliza. Kurudia kipimo kilekile kwa mikono mipya ndiko kulikonipotezea miaka. Muulize, "Ni kipi bado hatujakiangalia?" Na umwombe akutibu maumivu sasa hivi, wakati utafutaji unaendelea. Zipo dawa za neva kwa dozi ndogo zinazotuliza utumbo. Baadhi yake hutumika pia kutibu huzuni nzito, basi ukiandikiwa usidhani amekuona mgonjwa wa akili. Zile kali za jamii ya morfini ziogope, kwa sababu zikitumika muda mrefu zinaweza kuzidisha maumivu ya tumbo yaleyale.

Ila ukiona damu au choo cheusi, unapungua uzito bila kutaka, una homa, unatapika bila kukoma, maumivu yanakuamsha usingizini, au tumbo limekuwa gumu ghafla, usingoje miadi. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na unipigie ukiwa njiani.

Nimekuwekea daftari jipya. Andika saa, ulikuwa unafanya nini, umekaa vipi, umelala vipi, choo kikoje. Chakula kiandike pia, kisile ukurasa mzima. Miadi yako ni Alhamisi. Ukitaka nije, nitakaa kiti cha pembeni, sitasema neno mpaka unigeukie.

Mama yako