Mlo wa jioni Chicago: kaka, mpeleke wifi huku

Kaka, umesema utakuwa Chicago kikazi katikati ya Novemba, umefikia hoteli ya Loop, yaani katikati ya jiji, wifi anatua Ijumaa na Jumamosi mnatimiza miaka kumi ya ndoa. Hamnywi pombe, nguruwe hamgusi, na unataka mgahawa wa ghorofani wenye mandhari. Mimi naishi huku, na nyumbani kwangu ni watu wa kutoka jioni, kwa hiyo nivumilie nikujibu kwa kirefu.

Tuanze na hilo la ghorofani. Ukitafuta Google utakutana na makala kibao zinazokutuma Signature Room, ghorofa ya 95 ya lile jengo lililokuwa likiitwa John Hancock. Mgahawa ule ulifungwa Septemba 2023, ila makala zinaendelea kuzunguka kama vile hakuna kilichotokea. Na hiyo mingine ya ghorofani, Jumamosi usiku mara nyingi ni vurugu tupu: muziki umepandishwa, watu wanajipiga picha nyuma ya kiti chako, na meza umepewa kwa muda maalumu. Pana mahali, sitapataja, mhudumu alituwekea bili mume wangu akiwa bado na keki mdomoni. Tulikuwa tumevaa tukavalika!

Mimi ningetenganisha mandhari na chakula. Novemba jua la Chicago linazama kama saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo ukiweka meza ya saa moja usiku ili muangalie machweo, mtaangalia giza. Halafu ziwa liko mashariki. Jua linachomoza huko, halizami huko. Mchukue wifi saa kumi, mkasimame kwenye daraja la DuSable, pale Michigan Avenue inapovuka mto, mtazame magharibi. Mto unageuka rangi katikati ya maghorofa, na jengo jeupe la Wrigley liko palepale kando yenu, taa zake zinawaka giza likiingia. Hamlipi hata senti. Mkiona upepo umezidi (na utazidi), ondokeni mkale.

Kama hamtaki kwenda mbali na hoteli, ipo Italian Village, mtaa wa Monroe, palepale Loop. Imekuwepo tangu 1927. Ni migahawa zaidi ya mmoja ndani ya jengo moja. Ninyi ombeni ule wa juu, unaoitwa The Village. Dari limepambwa kama anga la usiku lenye nyota, na baadhi ya meza zimejengewa kama vijumba, mnaingia mnajificha. Chakula ni cha Kiitaliano cha kizamani, cha kushiba. Wajanja wa mjini watakwambia pamepitwa na wakati. Waache.

Geja's Cafe ndiyo ambayo kila mwenyeji atakutajia ukimuuliza habari ya mahaba. Iko mtaa wa Armitage, karibu na bustani ya wanyama ya Lincoln Park ambayo haina kiingilio, na imefunguliwa tangu 1965. Ndani kuna mwanga hafifu, mishumaa, na mtu anapiga gitaa la flamenko. Wanauza fondyu: unaanza na sufuria ya jibini lililoyeyuka la kuchovyea mkate, kisha mnaletewa nyama na kamba wabichi mnaojikaangia wenyewe mezani kwenye mafuta ya moto, mwisho chokoleti ya kuchovyea matunda. Hakuna wa kuwaharakisha, maana hata mkitaka kuharakisha, nyama haijaiva. Kwa kuwa hamnywi, uliza mapema: jibini la fondyu kwa desturi huyeyushwa na mvinyo mweupe, na chokoleti nayo pengine hutiwa kilevi. Na popote pa fondyu nguo hubeba harufu ya mafuta, kwa hiyo lile koti zuri la wifi lisikae karibu na sufuria.

Lakini ningekuwa ni mimi, kaka, ningepanda treni ya Red Line mpaka kituo cha Lawrence, mtaa wa Uptown, nikaingia Demera. Ni mgahawa wa Kihabeshi. Mnaletewa sinia moja, injera, ule mkate wao mpana na laini, imetandikwa chini, juu yake mchuzi wa kuku wenye yai, dengu, sukuma, na nyama iliyokaangwa kwa vitunguu na pilipili. Mnakula kwa mkono, kila mmoja anaanzia upande wake, na kadiri mnavyokula mnasogeleana. Halafu Wahabeshi wana desturi ya kumkunjia mwenzio tonge na kumlisha mdomoni. Mlishe wifi, kama mlivyolishana keki ukumbini, safari hii bila MC kupiga kelele. Nguruwe haipo kwenye chakula cha Kihabeshi, iwe kwa Waislamu au Waorthodoksi wao, kwa hiyo hilo halitawasumbua. Malizieni na kahawa yao.

Mkitoka, vukeni tu barabara. Ng'ambo kuna Green Mill, klabu ya jazi iliyoanza 1907, ambayo watu wa Al Capone, yule jambazi maarufu wa Chicago, walikuwa wakikesha humo enzi pombe ilipopigwa marufuku Marekani. Soda inatosha, hakuna atakayekushangaa. Wanamuziki wakiwa jukwaani watu hunyamaza, na ukipiga soga utaambiwa ushushe sauti. Beba noti kwa ajili ya kiingilio, na pasipoti zote mbili, kwa sababu chini ya miaka 21 hawaingii na mlangoni hawaangalii mvi zako. Jumamosi panajaa, wahini.

Kuhusu hela: bei ya kwenye menyu si bei utakayolipa. Kodi ya mgahawa inapita asilimia 10, na tipu ni asilimia 18 hadi 20. Bili ya dola 150 ongeza 30 za mhudumu. Wengine wanaikata wenyewe kwenye bili, isome kabla hujaongeza. Meza ya saa moja usiku Jumamosi inagombaniwa, ya saa kumi na moja na nusu hupatikana kirahisi zaidi, na inawafaa ninyi mnaotoka darajani mkiwa na baridi. Weka leo.

Red Line inatembea usiku kucha, lakini kwa saa zile, na viatu atakavyovaa wifi, rudini na Uber.